Thevetia au Cascabela? Jina la Mmea Lina Habari Ndani Yake

Mara hii tuongee juu ya yale majina magumu ya Kilatini yanayoandikwa kwenye pakiti za mbegu. Wengi huyaruka. Hata sisi tulikuwa tukiyaruka, mpaka siku tulipotembelea kitalu cha kikundi kimoja tukakuta miche ya namna moja imepangwa sehemu mbili, kwa bei mbili. Huku kibao kinasema Thevetia peruviana, kule Cascabela thevetia. Mama mweka hazina akatuambia hiyo ya pili ni ya kisasa, ndiyo maana iko ghali kidogo.

Kumbe ni mmea ule ule! Ni kile kichaka cha maua ya manjano kama tarumbeta, chenye majani marefu membamba, ambacho watu hupanda kuzunguka boma kwa sababu kinavumilia jua na mbuzi hawakitaki.

Jina la mmea lina sehemu mbili. La kwanza ni la jamaa, nalo huanza kwa herufi kubwa. La pili ni lake mwenyewe, kwa herufi ndogo. Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, ndiye aliyeeneza mtindo huu kwa kitabu chake cha mwaka 1753. Kichaka chetu alikiita Cerbera thevetia. Cerberus ni mbwa wa vichwa vitatu katika hadithi za Wagiriki, alindaye mlango wa kuzimu. Sasa jiulize, kwa nini ua zuri lipewe jina la mbwa wa kuzimu? Ni kwa sababu ya sumu.

Thevetia ni kumbukumbu ya André Thevet, mtawa Mfaransa aliyefika Brazil mwaka 1555. Peruviana ni "ya Peru". Mwaka 1980 mmea ukahamishwa kwenye jamaa ya Cascabela, neno la Kihispania lenye maana ya njuga au kengele ndogo. Vitabu vingi bado vina jina la zamani, vipya vina hili. Kwa hiyo ukiona majina mawili usilipe mara mbili.

Lakini jambo lililotugusa zaidi ni jina la ukoo, au tuseme mbai. Mbai ya kichaka hiki inaitwa Apocynaceae, na jina hilo linatokana na maneno ya Kigiriki ya kumweka mbwa mbali, maana mmea mmoja wa mbai hii ulijulikana kuwa sumu kwa mbwa. Na ni nani mwingine yumo humo? Kivai! Wazee wetu wanakijua vizuri kivai, mti wa sumu ya mishale. Vitabu vinauita Acokanthera. Mzee mmoja tulipomwambia hayo alicheka, akasema, "Basi mmepanda ndugu yake kivai mlangoni."

Alisema kweli. Sumu ya vyote viwili hushika moyo. Kichaka cha manjano kina sumu kila mahali, na mbegu ndiyo mbaya zaidi, nayo ni ngumu na laini, ya kuvutia mtoto kuchezea. Si kila mmea wa mbai hii ni mbaya, maana hata mukawa ni wa humo na matunda yake yaliyoiva tunakula. Jina la mbai linakuambia uulize kwanza, basi.

Hatusemi mng'oe ua zote. Ila msipande karibu na shule ya chekechea wala zizi, na mkipogoa msiache matawi chini, wala msiyatumie kuchomea nyama. Mtoto akitafuna mbegu, apelekwe hospitali mara moja, msingoje kumpa maziwa kwanza. Bebeni na tawi ili daktari aone.

Jina la kawaida peke yake halitoshi. "Oleanda" watu huita hiki, na pia kile chenye maua ya waridi au meupe, ambacho ni Nerium oleander. Huyo naye ni wa mbai ile ile, na majani yake hata yakikauka bado yana sumu. Kwa hiyo kwenye kibao cha kitalu andikeni jina la Kilatini, la zamani na jipya, halafu chini yake kwa Kikamba au Kiswahili: SUMU. Mnunuzi akirudi kwa hasira, afadhali arudi kwa sababu ya neno hilo.

Mkishindwa kujua mmea, kateni tawi lenye maua na tunda, mlibane katikati ya magazeti mpaka likauke, mwandike lilikotoka na tarehe. Makumbusho ya Taifa kule Nairobi wana hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa, na wataalamu wa huko hulinganisha tawi na yale waliyo nayo mpaka jina lipatikane.