Kazi za Mikono za Likasi Hazikuzaliwa na Njaa

Katika komini nne za mji wa Likasi, Katanga, yaani Likasi yenyewe, Kikula, Panda na Shituru, ni vigumu kuingia uani kwa watu usikute kitu kilichotengenezwa na wenyeji kwa mikono yao. Kuna mbabula, yaani jiko la makala, iliyokatwa kwenye bati la pipa, bidoni iliyotobolewa mfuniko ikawa chombo cha kumwagilia lengalenga, blanketi la mtoto lililoungwa kwa vipande vya vikwembe, na motokari ya waya ambayo kaka amemtengenezea mdogo wake. Wengi wanaoisimulia Katanga huyaeleza yote hayo kwa neno moja: shida. Kampuni ya madini ilianguka, mishahara ikakatika, watu wakalazimika kujitengenezea. Wakongo wenyewe wameipa hali hiyo jina la utani, Kifungu cha 15, kwamba kila mtu ajipange anavyojua. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo kubwa. Kazi za mikono za nyumbani katika mji huu ni mila. Zina umri, zina walimu, zina majira yake, na zina kanuni za nani amtengenezee nani. Njaa ilizikuta, haikuzizaa.

Tuanze na umri. Muda mrefu kabla ya Union Minière du Haut-Katanga kuundwa mwaka 1906, Wasanga na baada yao Wayeke walikuwa wakiyeyusha shaba katika vilima hivi hivi. Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenedikto aliyeandika habari zao katika miaka ya 1920, aliwaita kwa jina walilokuwa nalo, walaji wa shaba. Kazi yao ilikuwa ya kiangazi: mtama ukishavunwa, wanaume walienda kuchimba malakaiti ya kijani, wengine wakachoma makala, wengine wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu. Zao lao maarufu ni misalaba midogo ya shaba, ile ambayo mwaka 1960 iliwekwa kwenye bendera ya Katanga. Jambo la kuzingatia hapa si utajiri wa shaba yenyewe. Ni utaratibu wa kazi: msimu maalumu, maarifa yanayorithiwa, na malighafi inayookotwa karibu. Leo anayetaka kupaka udongo ndani ya mbabula yake bado anautafuta kwenye kichuguu, na matofali ya nyumba nyingi za Katanga hutoka huko huko, kwa sababu udongo ambao mchwa wameuchambua na kuupandisha juu una mfinyanzi mwingi na hauna mawe.

Mwalimu wa pili alikuwa kampuni, na hapa lazima tuwe waangalifu. Kuanzia mwaka 1928 Union Minière iliacha mtindo wa kuleta vibarua wa miezi michache, ikaamua kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia siasa hiyo, alitaka watoto wachanga wapimwe uzito, walishwe katika kantini, na mama zao wafundishwe kushona, kufuma na kutunza nyumba kwa namna ya Kizungu. Nia haikufichwa: kampuni ilitaka kulea wafanyakazi wake wa kesho kuanzia tumboni. Kwa hiyo kuna wanaosema kwamba soksi ya sufu na kofia ya kichanga inayofumwa Likasi ni mabaki ya ukoloni, haina haki ya kuitwa mila yetu. Hoja hiyo siikubali. Mila haipimwi kwa mahali uzi ulikotoka, hupimwa kwa namna watu walivyoifanya yao. Masista waliotoa mafunzo hayo kambini walifundisha fulana na vifuniko vya meza. Wanawake wa kambini waliichukua sindano ile ile wakaiingiza katika mambo ambayo masista hawakuyapanga: kumpokea mtoto wa binti, kuaga mwali, kutoa zawadi kwa wakwe, kukusanya fedha za uzi katika likelemba, yaani mchango wa kupokezana. Wanaume nao walijifunza katika karakana za Shituru, Panda na za reli namna ya kupima bati, kulikata bila kulipoteza na kulikunja lisikwaruze mkono. Maarifa hayo hayakubaki getini jioni. Yalirudi nyumbani na mwenye nayo, yakawa kitanda, kiti, mlango, ndoo.

Kisha lilikuja anguko. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1993 haikufikisha hata tani 50,000. Mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulikuwa umeporomoka mwaka 1990. Miaka ya 1992 na 1993 ilileta aibu ya kufukuzwa kwa watu wa asili ya Kasai, maelfu yao wakilala kwenye stesheni ya Likasi wakisubiri treni, na pamoja nao mji ukapoteza mafundi na walimu wengi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliwaita watu hawa, katika kitabu chake cha mwaka 2001, wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo kazi za mikono ziliongezeka sana. Lakini kuongezeka ni jambo moja, kuzaliwa ni jambo jingine. Mtu hawezi kukata bati vizuri kwa sababu tu ana njaa. Hulikata vizuri kwa sababu alikwisha kujifunza. Tena kama njaa ndiyo mama wa kazi hizi, zisingegusa kitu kisicholiwa. Mbona basi Katanga ina karindula, lile gambusi kubwa ambalo mwili wake ni pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, lenye nyuzi nne? Hakuna aliyewahi kushiba kwa kupiga karindula. Vijana huiunda kwa sababu wanataka sherehe na msiba wao uwe na sauti yake.

Lakini nguvu ya mila hii huonekana zaidi katika maandalizi ya mtoto. Likasi iko juu, yapata mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi ya kutetemesha. Kwa hiyo mama mjamzito na ndugu zake huanza mapema. Nkambo hutoa kikwembe chake cha zamani, na ukongwe wa kitambaa hicho una maana: kikwembe kipya hutoka dukani kikiwa kigumu kwa wanga wa kiwandani, hakinyonyi maji, na hukwaruza ngozi ya kichanga. Kilichofuliwa miaka mingi kimelainika na kinakausha. Hukatwa vipande vya mraba vya nepi, pindo zikakunjwa mara mbili ili nyuzi zisichomoke zikazunguka kidole cha mtoto. Vipande vinavyosalia huungwa kuwa blanketi la matabaka mawili, katikati likawekwa shuka kuukuu. Anayefuma kofia na hana sindano za dukani huchukua sipoku mbili za baiskeli, akazisugua ncha kwenye jiwe mpaka ziwe butu kiasi cha kutochoma. Vifungo huepukwa, kamba za kitambaa hushonwa mahali pake, maana kifungo kikichomoka huishia mdomoni. Hakuna lolote kati ya hayo ambalo ni kubahatisha. Kila kanuni imetokana na mtoto fulani aliyewahi kuumia au kuugua, na wanawake wakakumbuka.

Zaidi ya hapo, vitu hivyo huweka wazi undugu. Mwenye mtoto hapaswi kujitengenezea peke yake. Akifanya hivyo, watu huuliza ndugu zake wako wapi. Shangazi ana sehemu yake, yaya ana sehemu yake, jirani naye huleta chake. Dukani unaweza kununua blanketi, lakini huwezi kununua ushahidi kwamba wanawake kadhaa walikaa na kumfikiria mtoto huyu kabla hajafika.

Mbabula nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Fundi wa nyumbani huchukua ndoo ya bati au kipande cha pipa, akafungua mlango mdogo chini wa kutolea majivu na kuingizia hewa, akaweka chujio la bati lililotobolewa kwa msumari katikati, na juu akapinda masikio matatu ya kushikilia sufuria. Iliyo hivyo inawaka, lakini inatupa moto nje. Bati huwa jekundu na makala huisha upesi. Anayejua huongeza udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwa au majivu, akaupaka ndani kwa unene wa vidole viwili. Hapo ndipo subira inapohitajika: udongo ukianikwa juani hupasuka, hivyo huwekwa kivulini siku kadhaa, na moto wa kwanza huwa mdogo. Udongo hubana joto ndani, na makala kidogo hutosha kuivisha bukari na sombe. Katika mji ambao makala yake hutoka kwenye misitu ya miombo inayozidi kurudi nyuma, udongo huo wa bure una faida kuliko mahubiri mengi ya mazingira. Bustani ya uani huenda kwa akili ile ile. Mvua za hapa huanza kwa nguvu Novemba na kukoma karibu na Aprili, kwa hiyo anayetaka matembele na lengalenga ya kiangazi hutoboa mfuniko wa bidoni kwa msumari uliopashwa moto, matundu madogo, ili maji yaanguke kama manyunyu yasing'oe miche, kisha hufunika tuta kwa majani makavu ili unyevu usiondoke.

Wapo wanaojibu kwamba hesabu imebadilika. Nguo za mitumba ni rahisi, vyombo vya plastiki vya kutoka China vimejaa sokoni, kwa nini mtu apoteze siku mbili kwa kitu kinachouzwa faranga chache? Hoja hiyo ni ya kweli kwa baadhi ya vitu, na sioni sababu ya kumlazimisha mtu kufuma fulana ambayo anaweza kuipata kwa bei nafuu. Lakini hesabu hiyo huacha kitu kimoja muhimu: urekebishaji. Beseni la plastiki likipasuka limekwisha. Aliyetengeneza mbabula anajua kuibadilishia chujio, aliyeshona blanketi anajua kulibandika kiraka. Tofauti hiyo haionekani siku ya kununua, huonekana mwaka wa tatu. Isitoshe, mikono iliyozoea kutengeneza hununua vizuri zaidi, kwa sababu inatambua mshono mbovu na bati jembamba kabla ya kutoa pesa.

Pingamizi jingine ni zito zaidi. Kusifu watu wanaojitengenezea kila kitu, wanasema, ni kuwapunguzia mzigo wakubwa. Kama mama wa Kikula anaweza kutengeneza nepi kwa kikwembe kuukuu, nani atadai hospitali ya uzazi, maji ya bomba, mshahara? Wasiwasi huu ni wa haki, hasa katika jimbo ambalo shaba na kobalti hupita kila siku kwa malori na mtaa ukabaki na vumbi. Nasema hivi: bidoni yenye matundu humwagilia bustani, haileti maji mtaani, na mtu asiitumie kama kisingizio cha kutoyaleta. Lakini pia si kweli kwamba watu wanaojitegemea hudai kidogo. Aliyelelewa kungoja mgao wa kampuni ndiye aliyebaki mikono mitupu siku mgao ulipokoma. Mwenye ujuzi ana la kusimamia wakati anadai.

Pingamizi ambalo ningetaka lizungumzwe zaidi ni la sumu, kwa kuwa hapo mila inahitaji kurekebishwa. Likasi ni mji wa viwanda vya madini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, akiwemo Célestin Banza, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda kusini mwa Katanga wana kobalti nyingi mno kwenye mkojo wao, na watoto ndio walioathirika zaidi. Katika mazingira hayo, pipa si pipa tu. Lililobeba asidi au kemikali ya kiwandani halisafishiki kwa sabuni wala mchanga. Betri ya gari ikivunjwa ili kuyeyusha risasi, sumu yake hubaki uani na kuingia kwa mtoto anayetambaa. Sufuria zinazomiminwa kwa aluminiamu ya chakavu zimepimwa katika nchi nyingine za Afrika, Kameruni mojawapo, zikakutwa zinatoa risasi kwenye chakula. Wazee wa walaji wa shaba walijua jiwe lipi ni la kuyeyushwa na lipi ni la kuachwa. Kizazi hiki nacho kinapaswa kujua bati lipi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu, kwa mafundi waliostaafu kambini na kwa akina nkambo ambao bado wana sindano mikononi. Wafundisheni watoto kazi hizi kama mnavyowafundisha kusoma, pamoja na kanuni zake zote: udongo ukauke kivulini, pindo likunjwe mara mbili, bustani iwe mbali na takataka za mgodi, udongo wa kandokando ya kiwanda usipandwe mboga. Na pipa lisilojulikana lilibeba nini lisiingie jikoni, hata likitolewa bure.