Maana ya Neno "Home Ruler"

Twapenda leo kulieleza neno moja la siasa ambalo wengi hulitamka pasipo kulipima. Nalo ni "Home Ruler", lililotokea Ayalandi katika karne ya 19. Ukilifasiri neno kwa neno, ni mtawala wa nyumbani. Lakini msidhani kwamba ni mume aamuruye mkewe na watoto! Ni mtu atakaye mambo ya ndani ya nchi yake yaamuliwe na baraza la nchi hiyo yenyewe.

Tangu mwaka 1801 Ayalandi haikuwa na bunge lake. Wajumbe wake walikuwa wakienda kuketi London. Mwaka 1870 mwanasheria Isaac Butt alianzisha chama cha kudai bunge la Dublin, na wafuasi wa dai hilo ndio walioitwa kwa jina hili. Baadaye waliongozwa na Charles Stewart Parnell.

Hapa ndipo wengi wakoseapo. Home Ruler hakudai kujitenga. Katika mswada wa Gladstone wa mwaka 1886, majeshi, mambo ya nchi za kigeni na ushuru wa forodha vingalibaki London, na Malkia angalikuwa yuleyule. Hata hivyo mswada ulishindwa, kura 343 kwa 313. Waliotaka jamhuri walimwona Home Ruler kuwa mtu aliyeridhika na kibaba hali ana haki ya pishi nzima; wapinzani wake nao walisema kwamba aficha nia ya kuvunja dola. Hivyo neno moja likawa tusi pande zote mbili.

Kiswahili chatusaidia kuliona jambo hili, maana sisi twatenga madaraka na uhuru. Kenya ilipata madaraka tarehe 1 Juni 1963, na uhuru tarehe 12 Desemba mwaka uleule. Home Ruler, basi, ni mtu wa madaraka.

Kwa watu wa Ayalandi safari haikuwa fupi hivyo. Sheria ilipitishwa mwaka 1914, ikaahirishwa kwa sababu ya vita. Wakati huo neno lilikuwa likisafiri: mwaka 1916 Tilak na Annie Besant waliunda huko Bara Hindi vyama viwili vyenye jina hilo. Lakini kwao Ayalandi, katika uchaguzi wa mwaka 1918, chama cha Home Rule kilibakiwa na viti 6 tu, na Sinn Féin, waliotaka jamhuri, wakapata 73. Bunge la namna ile lilifunguliwa hatimaye mwaka 1921, mjini Belfast, kwa wilaya 6 za kaskazini, miongoni mwa watu walewale waliokuwa wakilipinga.