Shela na Vita vya Waswahili kwa Waswahili: Ushindi Uliomwita Mtawala

Shela ni mji mdogo ulio katika kisiwa cha Lamu, yapata kilomita tatu kusini mwa mji wa Lamu wenyewe, pale mkondo unaotenganisha Lamu na Manda unapofunguka kuelekea bahari kuu. Kwa mujibu wa mapokeo, wenyeji wake wa awali walihamia hapo kutoka Takwa, mji wa Manda uliohamwa katika karne ya 17. Katika historia ya pwani ya Afrika Mashariki, hata hivyo, jina la Shela hutajwa zaidi kwa sababu ya vita vilivyopiganwa kwenye fukwe zake mwanzoni mwa karne ya 19. Wanahistoria hutofautiana kuhusu mwaka, lakini wengi huviweka kati ya 1810 na 1814.

Vita hivyo vinastahili kuitwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ingawa kila mji wakati huo ulikuwa na utawala wake. Upande mmoja ulikuwa na watu wa Pate na Mombasa, mji uliotawaliwa na ukoo wa Mazrui. Upande wa pili ulikuwa na watu wa Lamu. Wote walikuwa Waislamu, waliooleana na kufanya biashara pamoja, na lahaja zao za Kipate, Kimvita na Kiamu zilielewana. Hata ushindani wao ulitumia sanaa moja. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi wa Lamu, wanakumbukwa kwa tungo za majibizano zilizohusu uhasama huo. Mishale ya maneno ingeweza kurushwa hivyo kwa sababu tu kila upande uliifahamu vyema lugha ya mwenzake.

Chanzo cha vita kilikuwa kugombea ukuu wa visiwa vya kaskazini. Pate, iliyowahi kuwa na nguvu kubwa, ilikuwa imedhoofika kwa migogoro ya urithi wa kiti cha usultani, na akina Mazrui walipata nafasi ya kuingiza ushawishi wao humo. Kwa Lamu, muungano wa Pate na Mombasa ulikuwa tishio la kumezwa. Majeshi ya muungano huo yalipowasili kwa vyombo, yaliteremka Shela, kwa kuwa aliyeishika Shela aliushika mlango wa bandari ya Lamu.

Mapokeo yanaeleza kwamba watu wa Lamu walitoka kuwakabili na kuwarudisha nyuma hadi ufukweni. Hapo wavamizi walikuta maji yamekupwa na vyombo vyao vimekwama mchangani. Wengi waliuawa kabla ya kuweza kujisukuma baharini. Hivyo basi, ushujaa wa Lamu ulisaidiwa na jambo ambalo kila mvuvi wa pwani hulihesabu kila siku: kujaa na kupwa kwa maji.

Umuhimu wa vita hivyo unaonekana zaidi katika yaliyofuata. Lamu, ikihofia kisasi, ilimwomba Seyyid Said bin Sultan wa Oman ulinzi. Naye alikuwa na sababu zake za kukubali, kwani akina Mazrui walikuwa wamekataa kuutambua utawala wa ukoo wake wa Busaidi. Alipeleka liwali na askari, na ngome ya Lamu ikakamilika yapata mwaka 1821. Kutoka hapo Pate ilitiwa chini ya mamlaka ya Oman katika miaka ya 1820, na Mombasa yenyewe ikaanguka mwaka 1837. Waswahili husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Athari hazikuishia pwani. Utawala wa Busaidi ulipoimarika Zanzibar, biashara ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipanuka kuelekea bara. Mojawapo ya njia zake ilipita chini ya milima ya Uluguru, kwenye mji wenye ngome ulioanzishwa na Kisabengo, katika eneo la Morogoro ya leo yenye vitongoji kama Kilakala. Stanley aliukuta mji huo mwaka 1871 ukiwa na kuta za mawe.

Kwa kuhitimisha, Shela inafundisha kwamba mshindi wa vita si lazima awe mshindi wa amani. Pate na Mombasa zilishindwa ufukweni. Lamu ilishinda, lakini ikaukabidhi uhuru wake kwa mlinzi iliyemwita yenyewe. Katika muda usiozidi miongo mitatu, miji yote mitatu ilikuwa chini ya mtawala mmoja. Lililowashinda Waswahili hao halikuwa kupigana, bali kuaminiana baada ya kupigana.