Wawili au Watatu Shuleni

Ninyi mlio shuleni, nanyi wazazi mnaowawaza watoto waliokwenda bweni, neno la leo ni lenu nyote. Somo letu limo katika kitabu cha Danieli, mlango wa 2, mstari wa 17 na wa 18.

Danieli alikuwa mwanafunzi. Yeye na wenzake watatu, Hanania, Mishaeli na Azaria, walichukuliwa mbali na kwao, wakawekwa Babeli wafundishwe kwa miaka mitatu. Baadaye mfalme alipoamuru wenye hekima wote wauawe, Danieli aliomba apewe nafasi, akarudi nyumbani, akawaeleza wenzake habari yote ili wamwombe Mungu rehema. Angalieni jambo hili. Danieli alijua kuomba peke yake; mlango wa 6 watuonyesha kwamba alifanya hivyo mara tatu kila siku. Lakini siku ya hatari hakuona haya kuwaambia wenzake kwamba mzigo umemlemea.

Je, kwa nini tuombe pamoja, ikiwa Mungu humsikia hata mtu mmoja? Watu wa Kalama, hapa Machakos, wanalijua jibu kwa majembe yao. Shamba la mlimani halina budi kuwa na matuta, ama sivyo udongo wote utakwenda na maji. Tena mtu akichimba matuta yake, na jirani wa juu asichimbe, mvua ya Novemba huteremka ikayabomoa yote. Ndiyo sababu Wakamba wana mwethya: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Maombi ya pamoja ni mwethya wa roho. Kijana aliyechoka husimama kwa sababu mwenzake amesimama.

Mungu hadharau vikundi vidogo. Mwezi wa Agosti, mwaka 1806, wanafunzi watano wa chuo cha Williams huko Marekani walikuwa wakiomba nje, wakakutwa na mvua ya radi. Walijificha kando ya lundo la majani makavu, wakaendelea kuwaombea watu wa mataifa ya mbali. Mwaka 1810 shirika la kupeleka wamisionari ng'ambo likaundwa, na mmoja wa wale watano, Samuel Mills, alikuwa kati ya vijana walioomba lianzishwe. Hapa Kenya nako vikundi vya wanafunzi Wakristo, vile mnavyoviita C.U., vimewalea watu wengi ambao leo ni wachungaji, walimu na wazee wa kanisa.

Basi mkutane namna gani? Kwanza, mwombeni mwalimu mkuu ruhusa, mpate na mwalimu wa kuwalea. Maombi ya kujificha, yanayovunja sheria ya shule, hayamtukuzi Bwana. Pili, wimbo mmoja, somo fupi, kisha kila mtu aseme haja yake: karo, mtihani, ugonjwa wa mama nyumbani. Tatu, la siri libaki siri. Nne, asilazimishwe mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Na Bwana wetu mwenyewe hubisha mlangoni, hauvunji.

Tena kengele ya masomo ikilia, nendeni darasani. Danieli na wenzake waliomba, na pia walipopimwa mbele ya mfalme walionekana wamewapita wengine. Mwanafunzi asiyesoma, akisema Mungu atamjalia, anamjaribu Mungu.

Lakini kuna neno zito kuliko haya. Mwezi wa Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, hapa Machakos, moto uliwashwa usiku bwenini, na wavulana 67 wakafa. Hatusemi kwamba hawakuwapo waombaji miongoni mwao. Tusithubutu kunena hivyo mbele ya mama aliyemzika mwanawe. Tunasema hivi: kinyongo kikikaa kimya moyoni, hutafuta njia ya kutokea. Yesu alifundisha, katika Mathayo 5, kwamba mtu akikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende wapatane kwanza. Kikundi chenu kiwe mahali ambapo kijana mwenye uchungu aweza kusema, "Nimekasirika," kabla hasira haijawa kiberiti mkononi. Mkisikia neno la hatari, msiishie kuomba tu. Mwambieni mwalimu upesi. Danieli naye, baada ya kuomba, aliondoka akaenda kusema.

Nanyi wazazi, je, mwanenu akirudi likizo atakuta watu wanaoomba pamoja nyumbani? Tuta la shule halitoshi ikiwa la nyumbani limebomoka.

Tuombe. Baba wa mbinguni, walinde watoto wetu mabwenini usiku huu. Wape rafiki wa kweli, moyo wa kusameheana, na bidii katika masomo. Uwafariji wazazi wa Kyanguli. Nasi utufundishe kuomba pamoja nao. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.