Mashua ndogo ya telekomande: moteri gani itavuta matanga?

Upepo umeongezeka. Mashua ya mita moja iko mbali, katikati ya maji, na matanga yake yamefunguka. Mwenyewe anasukuma kijiti cha telekomande ili ayarudishe, lakini hakuna kinachosogea. Mara nyingi kosa halikufanyika siku hiyo. Lilifanyika siku ya kununua winchi.

Mashua ya namna hii haina injini, upepo njo unaiendesha. Katika daraja la kimataifa la International One Metre, lililoanzishwa mwaka 1988, mwili wa mashua hauzidi urefu wa mita 1, na uzito wote hauwezi kuwa chini ya kilo 4. Telekomande inaongoza vitu viwili tu: usukani na kamba za matanga. Winchi njo moteri ndogo ya umeme inayovuta na kulegeza hizo kamba.

Kabla ya kununua, mambo matatu yaangaliwe.

La kwanza ni nguvu. Inaandikwa kwa kilo na sentimita. Winchi ya kilo 10 kwa sentimita, yenye kigurudumu cha kipenyo cha sentimita 4, itavuta kilo 5 tu, juu kamba iko sentimita 2 toka katikati. Tena, kwa kawaida hiyo ni nguvu ya mwisho, pale moteri inasimama kabisa. Inafaa kubakisha akiba.

La pili ni urefu wa kamba. Kigurudumu hicho kikizunguka mara moja kinakunja karibu sentimita 12 na nusu. Ikihitajika kamba ya sentimita 50, kizunguke mara 4. Kigurudumu kikubwa kinakunja haraka, lakini nguvu inapungua.

La tatu ni batri, na hapa wengi wanajikwaa. Winchi ikikwama, inakula umeme mwingi. Volti zinashuka, na chombo cha kupokea mawimbi kinaweza kuzimika. Pale usukani nao unapotea. Na winchi ya volti 6 isifungiwe batri ya volti 7.4: inaweza kuungua.

Kuna jaribio rahisi la nyumbani. Chupa ya lita 2 ijazwe maji, ifungwe kwenye kamba, kisha winchi iipandishe na kuishusha mara kumi. Ikipata moto sana ao ikichoka, ni heri mutu ajue akiwa mezani, kuliko kuogelea kufuata mashua yake.