Kilima hakiandikwi daftarini

Kijana mmoja wa Muyinga aliniletea daftari la shule lenye mazoezi yake ya wiki tisa. Kurasa zilifanana kama mapacha: Jumatatu kilomita 12, Jumanne 12, Jumatano 12, hivyo hivyo hadi Jumamosi, kisha Jumapili neno moja tu, "misa". Chini ya kila wiki alikuwa amepiga mstari mwekundu kwa rula na kuandika 72. "Mwalimu," aliniuliza, "sijakosa hata siku moja. Mbona mita 5,000 zangu zimegoma palepale?"

Nilimuuliza anapita wapi. Akaeleza: anatoka mjini, anateremka bondeni, anapanda ng'ambo ya pili, anafuata mgongo wa kilima, anateremka tena, halafu anapanda kurudi nyumbani. Na kasi? Ileile mwanzo hadi mwisho, maana saa yake ya mkononi inamsuta akipunguza. Daftari lake lilikuwa na kila kitu isipokuwa kilima.

Ajabu ni kwamba Mrundi ndiye wa mwisho kusahau kilima. Huku Burundi kilima ni ngazi ya utawala. Ukimuuliza mtu kwao ni wapi, atakutajia umusozi wake kabla ya wilaya. Gitega iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, Muyinga karibu 1,750, na barabara inayopita Karusi kuunganisha miji hiyo miwili inapanda na kushuka kama mgongo wa ngamia. Katika mwinuko huo shinikizo la hewa ni kama asilimia 81 hadi 84 ya lile la pwani. Kwa hiyo mkimbiaji wa Gitega anayejilinganisha kwa saa na rafiki yake anayekimbia kando ya Ziwa Tanganyika, Bujumbura, anajionea bure. Lakini hewa ni jambo dogo. Kubwa ni mteremko na mpando.

Gharama ya kilima imepimwa. Mwaka 2002 Alberto Minetti na wenzake walichapisha vipimo vya wakimbiaji wa milimani waliokimbizwa juu ya mashine ya mkanda iliyoinamishwa kwa viwango mbalimbali. Kwenye tambarare, mwili ulitumia takriban jouli 3.4 kwa kila kilo ya uzito kwa kila mita. Kwenye mteremko wa asilimia 20 gharama ilishuka hadi karibu nusu, jouli 1.7. Kwenye mpando wa asilimia 45 ilifika karibu 19. Hakuna barabara ya Muyinga yenye mpando wa asilimia 45, lakini asilimia 10 ni ya kila siku, na hapo mwili unalipa zaidi ya nusu ya ziada kwa kila mita. Anayepanda kwa kasi aliyokuja nayo kutoka bondeni ametoka kwenye mbio nyepesi akaingia kwenye mashindano, na daftari linaendelea kuandika 12.

Huyu kijana, basi, alikuwa akifanya kazi ya katikati siku sita kwa wiki. Haikuwa nyepesi kiasi cha kumjenga bila kumchosha, wala haikuwa ngumu kiasi cha kumwongezea kasi. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wakimbiaji wetu, kuliko uvivu, kuliko viatu vibovu.

Kilomita nyingi nyepesi zina kazi yake. Moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo inaongezeka ndani ya misuli, mitokondria zinazochoma mafuta na sukari zinazaana, kano na mifupa vinakomaa taratibu. Kazi hiyo inadai muda mrefu, kwa hiyo lazima kila saa moja iwe ya bei nafuu. Mazoezi magumu yana kazi nyingine: yanapandisha kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, na yanaufundisha mguu kukimbia kwa kasi bila kuzimika. Hayo yanadai mguu uliopumzika. Mwanasayansi Stephen Seiler, aliyechunguza mafunzo ya wanamichezo wa kiwango cha juu wa kupiga makasia, kuteleza thelujini na kukimbia, alikuta kwamba takriban mazoezi manne kati ya matano ni mepesi kwelikweli. Kule Kaptagat, Kenya, kundi la kocha Patrick Sang lililomlea Eliud Kipchoge linajulikana kwa mpangilio wake: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi fatleki, yaani mbio za kubadilisha kasi. Siku nyingine ni taratibu, na taratibu yao humshangaza mgeni, maana wanaanza kama watu wanaosindikizana.

Kwa nini vijana wetu hawawezi kwenda taratibu? Aibu. Mtu akitembea kwenye mpando akiwa amevaa kaptura ya mbio, watoto wa njiani watamwimbia. Na hapa nakumbuka vikundi vyetu vya kukimbia asubuhi za mwisho wa wiki, watu kwa makumi wakienda kwa mdundo mmoja, wakipiga makofi na kuimba. Machi 2014 serikali ilivibana vikundi hivyo kwa hofu za kisiasa, na habari hiyo ikazunguka dunia kama kichekesho. Mimi naona hakuna aliyetazama upande wa kitaalamu: kikundi kinachoimba kina kipimo bora kuliko saa yoyote. Mtu anayeweza kumaliza ubeti mzima bila kukatika pumzi yuko kwenye mbio nyepesi. Akianza kurukaruka maneno, amevuka mpaka. Kijana wangu nilimwambia aimbe. Akifika kwenye mpando na wimbo ukakatika, atembee mpaka urudi.

Atembee, ndiyo. Wakimbiaji wa mbio za milimani hutembea kwenye mipando mikali katikati ya mashindano, wala hawaoni haya.

Kisha tukabadili hesabu. Tulifuta kilomita, tukaweka dakika, na mbele ya dakika alama ya ugumu kutoka 1 hadi 10, anayojipa mwenyewe nusu saa baada ya kumaliza. Dakika mara alama, huo ndio mzigo wa siku. Njia hii ilienezwa na Mmarekani Carl Foster, na uzuri wake ni kwamba haihitaji kifaa. Wiki yake ya zamani ilikuwa dakika 60 kila siku kwa ugumu wa 6: 360 kwa siku, 2,160 kwa wiki. Wiki mpya ikawa hivi: Jumatatu dakika 50 kwa 3, Jumanne 60 kwa 8, siku ya kilima, Jumatano 50 kwa 3, Alhamisi 55 kwa 7, mbio za kasi ya kudumu mahali palipo tambarare, Ijumaa 45 kwa 3, Jumamosi mbio ndefu, dakika 100 kwa 4. Jumla ya dakika ni 360, sawasawa na zamani. Mzigo ni 1,700. Umepungua kwa zaidi ya tano moja, na bado wiki ina siku mbili kali ambazo hakuwahi kuwa nazo. Foster alionyesha pia kwamba wiki isiyo na tofauti kati ya siku na siku inachosha kwa ufanano wake, hata mzigo usipokuwa mkubwa. Kurasa mapacha zile!

Siku ya kilima inahitaji maelezo, maana ndiyo hazina yetu na ndiyo inayotuvunja. Mpando hugonga mifupa kidogo kuliko tambarare, kwa sababu ardhi inakuja kuulaki mguu. Moyo unafika juu, goti linasalimika. Mteremko ni kinyume: mapafu yanapumzika na mapaja yanalipa. Unaposhuka, msuli wa mbele wa paja unavutwa na kurefuka huku ukijikaza kufunga breki, na kazi ya namna hiyo hupasua nyuzi ndogondogo za msuli. Maumivu hayaji siku ileile. Yanafika kilele siku ya pili au ya tatu, ndiyo maana wengi humlaumu asiyehusika: wanasema mbio za Alhamisi ziliwaumiza, kumbe ni mteremko wa Jumanne.

Kwa hiyo agizo langu la Jumanne: kupanda kwa nguvu mara 10, kila mara dakika moja na nusu, na kurudi chini kwa kutembea. Mara moja tu kila siku kumi hivi ateremke akikimbia, hatua fupi, mwili usijirudishe nyuma. Hiyo moja inatosha kwa muda, kwani msuli uliowahi kupata mshtuko wa mteremko hukingwa kwa wiki kadhaa usiumie kiasi kile tena. Patrick Kipngeno wa Kenya alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima Chiang Mai mwaka 2022, akautetea Innsbruck 2023. Mbio hizo ni za kupanda tu. Anayejiandaa kwa mbio za kupanda na kushuka ana mitihani miwili, na wa pili haupimwi kwa pumzi.

Wengi wataniuliza juu ya kanuni ya kuongeza asilimia 10 kila wiki. Si mbaya, lakini si ngao. Utafiti uliofanyika Groningen, Uholanzi, na kuchapishwa 2008 uligawa wanaoanza kukimbia zaidi ya 500 katika makundi mawili. Lililoongeza polepole kwa mtindo huo lilipata majeruhi asilimia 20.8, lililofuata mpango wa kawaida 20.3. Kwetu nadhani sababu mojawapo ya kanuni hiyo kutuangusha iko nje ya mbio. Mafuta ya gari yakiadimika, kama yalivyoadimika miaka hii, mtu anatembea kwenda na kurudi, au anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda kilima. Msimu wa kahawa Muyinga ukifika, mgongo na miguu viko shambani toka alfajiri. Jumamosi kuna kazi za pamoja. Jembe la saa tatu nalipa alama kama zoezi, na jioni yake naandika mbio nyepesi au sifuri. Aliyetoka kitandani na malaria simpi siku ya kilima mpaka chakula kimemrudia, na maharage yake na ndagala ayale bila kuyasindikiza kwa chai kali, maana chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Kijana bado alikuwa na shaka kwamba mbio nyepesi zitamlemaza. Nikamtajia Vénuste Niyongabo, aliyezaliwa Makamba. Mwaka 1996 Atlanta, Burundi ikishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, alimwachia mwenzake Dieudonné Kwizera nafasi yake ya mita 1,500, akahamia 5,000, umbali aliokuwa ameukimbia mara mbili tu kwenye mashindano. Akashinda kwa 13:07.96. Wengine husoma kisa hicho kama ushahidi kwamba kasi inatosha. Mimi nasoma miaka ya msingi iliyotangulia. Na Francine Niyonsaba, mwenye medali ya fedha ya mita 800 Rio 2016, kanuni za riadha kuhusu homoni zilipomfungia umbali ule alihamia mbio ndefu. Tokyo mwaka 2021 akawa wa tano kwenye mita 10,000, na Septemba ya mwaka huohuo, Zagreb, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa 5:21.56. Umbali haukula kasi yake.

Kijana alisikiliza, akafunga daftari, akalifungua tena. Sasa lina safu tatu: dakika, alama, na kilima, kupanda au kushuka. "Sawa, Mwalimu," alisema, "lakini wale watoto watanicheka nikitembea." Nikamwambia atoke saa kumi na moja alfajiri, kabla hawajabeba vidumu kwenda kuteka maji.