Umewahi Kuishi Wapi? Historia ya Makazi katika Uchunguzi wa Maradhi ya Mazingira

Faili la mgonjwa huwa na nafasi moja tu ya kuandika makazi, nayo hujazwa jina la mahali anapoishi siku hiyo. Kwa kipindupindu taarifa hiyo hutosha mara nyingi, kwa kuwa ni saa au siku chache tu zinazopita kati ya maambukizi na dalili. Maradhi yatokanayo na sumu za mazingira ni mengine. Mengi huchukua miaka kujitokeza, na katika miaka hiyo mtu huwa amehama mara mbili, tatu au zaidi. Kwa sababu hiyo watafiti hukusanya historia ya makazi, yaani orodha ya kila mahali mtu alipoishi tangu kuzaliwa, pamoja na mwaka alioingia na mwaka aliotoka.

Mfano ulio bora, kwa maoni yangu, unatoka Afrika Kusini. Katika miaka ya 1950 Dkt. Sleggs, aliyekuwa akitibu kifua kikuu mjini Kimberley, aliona kwamba baadhi ya wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kifua kikuu cha utando wa mapafu hawakupata nafuu kwa dawa, na kwamba wagonjwa hao walitoka magharibi ya mji. Huko ndiko kwenye vilima vilivyochimbwa asbesto ya buluu. Mpatholojia Wagner alitambua kwamba ugonjwa wenyewe ni mesotelioma, saratani ya utando huo, iliyokuwa adimu mno. Mwaka 1960 wawili hao, pamoja na mwenzao Marchand, walichapisha taarifa ya wagonjwa 33, wanaume 22 na wanawake 11. Wote isipokuwa mmoja walionekana kuwa wamewahi kukutana na asbesto.

Wengi wao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa watu waliozaliwa au kulelewa jirani na migodi, wakavuta vumbi lake utotoni, kisha baadhi yao wakahama na kushika kazi zisizohusiana kabisa na madini. Mesotelioma huweza kukaa miaka 20 hadi 40, au zaidi, kabla ya kujitokeza. Laiti wangeulizwa kazi na anwani ya sasa tu, uhusiano huo usingeonekana.

Anwani ya sasa hupotosha pia hesabu za utafiti. Tuseme tunalinganisha kata yenye kiwanda cha kuyeyusha risasi na kata isiyo nacho. Aliyehamia jana karibu na kiwanda atahesabiwa miongoni mwa walioathiriwa. Aliyekaa hapo miaka 15 kisha akaondoka atahesabiwa upande wa pili. Makundi yakichanganyika hivyo, tofauti iliyopo hufifia, na watu wakaambiwa kwamba hakuna madhara. Wakati mwingine kosa huelekea kwingine: wagonjwa wa saratani huhamia kwa ndugu walio karibu na hospitali kubwa, na ramani ikaonyesha kana kwamba mji ndio unaowaugua.

Hapa Tanzania yako maradhi ambayo mwili wenyewe huyatunzia kumbukumbu. Mtu mzima mkazi wa Dar es Salaam mwenye madoa ya kahawia kwenye meno yaliyosababishwa na floraidi hakuyapata kwa maji anayokunywa leo. Ganda la meno ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, hujengeka takribani kabla ya umri wa miaka 8. Yafaa kuuliza alikunywa maji ya wapi wakati huo, pengine kwenye miteremko ya Meru, ambako floraidi katika vyanzo vingi hupita mno kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mifupa nayo huhitaji swali jingine. Floraidi hulimbikizana humo mwaka hadi mwaka, hivyo lazima kujua mtu alikunywa maji hayo kwa muda gani.

Kuuliza kwenyewe kwataka subira. Watu wachache hukumbuka miaka kwa tarakimu, lakini wengi hukumbuka matukio: Vita vya Kagera, kuanza shule, ndoa. Swali kama "Mama, ulipojifungua mtoto wa kwanza mlikuwa mkiishi wapi?" hupata jibu sahihi kuliko "Mwaka 1987 uliishi wapi?" Mipaka pia hubadilika. Mzee asemaye kwamba aliishi Geita, Mkoa wa Mwanza, hakukosea. Geita imekuwa mkoa mwaka 2012. Andika kijiji au mtaa, si wilaya pekee. Kwa kila makazi uliza pia chanzo cha maji, nishati ya kupikia, na kama palikuwa na mgodi, kiwanda, shamba lililopuliziwa dawa au barabara kuu karibu.

Nawe mgonjwa, waweza kuandaa orodha hiyo nyumbani kabla ya siku ya kliniki. Shirikisha wazazi au kaka na dada wakubwa, kwani miaka ya utoto wao ndio waikumbukayo. Ukiombwa orodha hiyo kwa ajili ya utafiti, una haki ya kuuliza itatunzwaje: mfululizo wa makazi ya mtu mmoja huweza kumtambulisha hata jina lake likifutwa, na mtafiti anapaswa kuificha kama afichavyo majibu ya maabara.